Futi Moja na Nusu kwa Ajili ya Mkwe

Njia ya juu ya bustani yetu ilitugharimu mbuzi mmoja, mipini miwili ya majembe, kamba ya katani iliyopotea siku ya pili ya kazi, na ardhi: futi moja na nusu kutoka kwa kila mtu, watu tisa. Nimehesabu mara mbili. Mbuzi aliliwa. Mipini ilichongwa mingine. Kamba nadhani namjua ng'ombe aliyefungwa nayo, lakini ng'ombe naye alishakufa. Ardhi ndiyo haijarudi mpaka leo, na ndiyo inayonifanya niwaandikie ninyi mnaolima bustani ile sasa, pamoja na vijana wengine mnaoanza kazi hii mkidhani ni kazi ya mboga.

Ni kazi ya njia. Mboga ukiipa maji na samadi inaota yenyewe, haihitaji mkutano. Njia haiwezi kupita bila mkutano. Nimepanga matuta na njia zaidi ya miaka thelathini, kwanza bustani ya kijiji huku milimani, baadaye za shule na za misheni mpaka kule Same chini, na sijawahi kumwona mtu mzima akigombania tuta la mchicha. Kwa njia nimewaona wakishikana mashati, mmoja wao mzee wa kanisa.

Sababu ni nyepesi. Njia haizai. Kwa hiyo kila mtu anaitaka, ila ipite kwa jirani.

Tuta halina ubishi kwa sababu linapimwa na mwili. Chuchumaa kando yake, nyoosha mkono. Vidole vikifika katikati bila wewe kuinua kisigino, upana unatosha. Kisha mwite mkeo naye achuchumae, maana ndiye atakayepalilia. Mimi mwanzoni nilikuwa napima kwa mkono wangu peke yangu, na wanawake wa kijiji chetu wakawa wanakanyaga ndani ya matuta kufikia katikati, huku wakinitaja kwa jina.

Jina lenyewe lilikuwa Bwana Kamba. La kwangu la ubatizo limebaki kanisani.

Kushika kamba nilifundishwa na Haule. Huyu alitoka Songea kuja kukata mkonge kwenye mashamba ya tambarare huku kwetu, kama walivyokuja wengi. Mkataba ulipokwisha wenzake wakapanda gari kurudi makwao. Yeye akapanda mlima, kwa sababu alikuwa amemwona Niwaeli akiuza ndizi kituoni. Alioa, akajenga, akapata mtoto, Upendo, akajifunza Chasu, lugha yetu Wapare, mpaka akawa anakosolewa na watoto tu. Kwenye mkonge alikuwa amezoea mistari, mstari unaoanza hapa na kuishia usipoona, na alijua mambo ya kamba ambayo sisi hatukuyajua. Mfano, kamba ya katani ikilowa hufupika. Ukipima asubuhi na umande, halafu ukaendelea saa sita kamba ikiwa imekauka, matuta ya asubuhi yanakuwa membamba kuliko ya mchana, na mwenye kipande cha asubuhi atakutafuta. Alinitafuta. Toka siku hiyo kamba yangu ililala ndani, karibu na jiko.

Lakini hata Haule tambarare ilimwachia ugonjwa wake. Mwaka ule wa kuhamia kijiji cha ujamaa kila kitu kilitakiwa kinyooke. Nyumba zilinyooka, choo kilinyooka na nyumba, mwenyekiti wa kijiji akasema na bustani inyooke. Haule akafurahi. Tukavuta kamba kutoka juu hadi chini ya mteremko, njia zikatoka zimenyooka kama bunduki, mwenyekiti akaja akatazama kwa jicho moja, akasema huu ndio ujamaa. Mvua ya kwanza ya vuli ilizitumia njia zile kuliko sisi. Iliteremka nazo ikachukua udongo, mchicha, na kandambili zangu, ikavipeleka kwa watu wa kitongoji cha chini. Walituma salamu za shukrani kwa samadi. Kandambili hawakuzitaja.

Basi shikeni hili: kwenye mlima, njia ikatishe mteremko, iiname kidogo tu, kama mtu anayesikiliza. Maji yakipita juu yake yatembee, yasikimbie.

Tulipoanza upya tulipewa bwana shamba kijana, ametoka kusoma Morogoro, viatu vyake bado vina rangi. Alisema njia isipungue futi mbili, kwa sababu mtu mwenye debe la maji kichwani lazima apishane na mwenzake. Tulikaa naye kikao, tukamshusha. Alianza na mbili, sisi tukaanza na moja, tukakutana kwenye moja na nusu, tukarudi nyumbani tunapongezana. Nawaambia bila aibu kwamba alikuwa sahihi. Lakini alikuwa mmoja na sisi tulikuwa wengi, na bustani ilikuwa ya wengi.

Sasa mnielewe ramani, maana bila ramani hamtajua kilichotupata. Juu kabisa kuna ndiva, lile bwawa waliloacha mababu, linalojaa usiku na kufunguliwa asubuhi. Kutoka kwenye ndiva unakuja mfereji, unapita usawa wa juu wa bustani. Chini ya mfereji tulikata vipande kumi, vimepangana ubavu kwa ubavu. Njia ilikuwa moja tu, ya chini, inaanzia langoni kwenye kipande cha kwanza na kuishia kwenye cha kumi. Baada ya cha kumi kuna korongo. Aliyelima cha kumi alipita mbele ya wote tisa, kwenda na kurudi.

Vipande viligawiwa kwa kura. Mwenyekiti aliweka makaratasi kwenye kofia. Mimi nikaokota cha kwanza. Haule akaokota cha tisa. Cha kumi kikaokotwa na Mama Niwaeli.

Watu waliguna. Haule mwenyewe alikunja karatasi yake taratibu kama mtu aliyesomewa hukumu.

Kwetu mkwe ni mkwe. Mwanamume hashikani mkono na mama wa mkewe, hakai naye benchi moja, wala hapiti akimgusa bega. Barabarani hilo halina shida, kila mmoja anachukua upande wake. Kwenye njia ya futi moja na nusu, yeye kichwani ana debe na wewe mkononi una jembe, hakuna upande. Na vipande vya tisa na kumi vilikuwa vinakunywa tundu moja la mfereji, zamu moja, Jumatano asubuhi. Kwa hiyo walitakiwa wawe pale saa ileile, kila wiki, watu wawili wasiotakiwa kukutana.

Jumatano ya kwanza nilikuwepo, maana mgawa maji nilikuwa mimi. Haule alikuwa ameshafika, ameinama anafungua matuta. Mama Niwaeli akaja na debe na jembe, akafika usawa wa kipande cha saba, akamwona, akasimama na kugeuza uso kuelekea mlimani.

“Bwana Kamba,” akasema kwa sauti ya kusikika, “mwambie baba Upendo mimi nilikuwa napita tu.”

Hapakuwa na mahali pa kupita kwenda. Mbele ni korongo. Haule akaliambia jembe lake:

“Bwana Kamba, mwambie mama mimi nilikuwa naondoka.”

“Mwambie asiondoke, maji ni yake.”

“Mwambie maji ni ya mama. Mimi ni kijana, nitasubiri.”

“Mwambie nimesahau kitu nyumbani.”

Nilikuwa nimesimama katikati kama nguzo ya simu, maneno yanapita juu yangu. Mama akageuka akarudi. Haule, kwa kuwa hakutaka mama arudi kwa ajili yake, alikuwa ameshateremkia korongoni na kupandia ng'ambo, suruali ikabaki kipande kwenye miiba. Kila mmoja alimwachia mwenzake maji. Maji ya zamu yao yakaenda korongoni yakamwagilia mawe.

Mnaweza kucheka. Na sisi tulicheka, mpaka tulipokumbuka sheria. Kamati ilikuwa imepitisha kwamba kipande kikikosa maji zamu mbili mfululizo bila ugonjwa wala msiba, kinachukuliwa na kupewa mwingine. Na mwingine alikuwepo, Elisante, mdogo wake mwenyekiti, ambaye hakuokota kitu kwenye kofia na tangu siku ile alikuwa anatembelea bustani yetu kama mtu anayetembelea mgonjwa tajiri.

Haule akikosa kipande angekula kwa namna nyingine, ana mikono na mkonge uko chini. Mama Niwaeli alikuwa mjane. Kahawa ya marehemu mumewe ilikuwa imechukuliwa na shemeji zake, nyumba alikaa kwa hisani yao, na hata chumvi aliiomba. Kipande cha kumi ndicho kilichokuwa mahali pa kwanza katika maisha yake palipoandikwa jina lake. Alikuwa ameshasia nyanya kwenye kitalu. Siku ile ile jioni alikuja kwangu, hakukaa, akasema, “Nikinyang'anywa pale, Bwana Kamba, narudi kuomba chumvi.” Akaondoka. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, isipokuwa anapomtumia mkwewe ujumbe.

Tulijaribu kubadilishana vipande. Mwenyekiti alikataa. Alisema akiruhusu mmoja abadilishe, kesho wa mkiani wote watataka kuja kichwani yanakoanzia maji, na alikuwa anasema kweli.

Haule akajaribu mbuzi. Aliulizia kwa wazee kama heshima ile inaweza kulegezwa, wakamwambia mlete mbuzi halafu tuone. Alishuka mnadani, akarudi na beberu ambaye mimi nisingemlipia nusu ya bei ile, lakini hakunichukua kwenda kumsemea bei. Nikatumwa kupeleka ujumbe. Mama Niwaeli aliusikiliza wote akichambua mboga.

“Mwambie amlete,” akasema. “Nitamla, na nitaendelea kugeuka.”

Akaletwa. Akamla. Akaendelea kugeuka. Haule aliniambia, “Umeona, Bwana Kamba? Ninyi Wapare mna heshima ngumu. Mbuzi mzima.” Nikamwambia heshima ni heshima. Mimi nilikuwa nimepata mguu wa mbele.

Ilibaki njia. Kama kungekuwa na njia ya pili, upande wa juu, chini kidogo ya mfereji, Mama Niwaeli angepita juu na Haule angepita chini, na kati ya vipande vyao Haule angepanda mbaazi ziwe ukuta. Kuichora ilikuwa rahisi, nilitumia kijiti tu. Tatizo ni kwamba njia ile ingekata vichwa vya vipande tisa, na kichwa cha kipande ndicho kinachokunywa kwanza. Udongo wa pale ni mweusi kama kahawa iliyokaangwa. Watu tisa wakate udongo ule wa kwanza, kila mmoja futi moja na nusu, kwa ajili ya mkwe wa mtu mwingine.

Tisa, ukinitoa mimi na Haule, saba. Nilikuwa na mpaka Jumatano.

Sikilizeni namna ya kuomba ardhi. Usiombe unachotaka. Nilikwenda kwa kila mmoja nikaomba futi tatu. Wa pili na wa tatu walinifukuza, nikarudi kesho yake na futi mbili, wakaniona nimekuwa mtu wa busara, tukamaliza kwenye moja na nusu, wakanikaribisha uji. Wa nne alikuwa shangazi yangu. Alinipa moja na nusu na kunisema nusu saa. Kazi ilikuwa wa tano, Mzee Elieza, mwenye vitunguu. Vitunguu vya Elieza vilikuwa vinaamkiwa kabla ya watoto wake.

“Futi tatu?” akasema. “Unapitisha njia au reli? Reli iko Same, Bwana Kamba. Kaipande huko.”

“Mbili, mzee.”

“Huyo mkwe hana kope? Si afumbe macho?”

Waliokuwa jirani wakacheka. Nikacheka nao, maana ukiomba kitu cha mtu unacheka anapocheka. Nikamwambia atapanda maboga ukingoni mwa njia, yatambae juu ya mfereji, na hakuna atakayeyahesabu ni ya nani. Akatazama mfereji. Alikuwa anayahesabu.

“Moja,” akasema.

“Moja na nusu, na maboga.”

“Moja na nusu, maboga, na nyie mlime wenyewe. Jembe langu halilimi njia.”

Majembe yetu ndiyo yaliyovunjika, kwenye mawe ya kipande chake. Wa sita, wa saba na wa nane walikuwa wanasubiri kuona Elieza atasema nini, kwa hiyo hao walikuja wenyewe. Bwana shamba alipita wakati tunapiga vigingi, akatazama njia ya chini, akatazama ya juu, akajumlisha, akasema, “Sasa mna futi tatu. Mimi niliomba mbili.” Tukaendelea kupiga vigingi.

Jumatano ile maji yaliingia kipande cha tisa na cha kumi. Elisante alisimama langoni akatazama mpaka mwisho, akaenda zake. Nyanya za Mama Niwaeli zilipandikizwa wiki hiyo. Za kwanza kuiva zilishuka mpaka soko la Same, na mama alirudi na mfuko wa chumvi akauweka jikoni mahali ambapo shemeji zake wakiingia wauone.

Hapo ndipo hadithi ingepaswa kuishia, na kwa kijiji kizima iliishia hapo. Kilichofuata tulikijua watu watatu.

Ilikuwa msimu wa pili, mbaazi zimeshapita kichwa cha mtu. Jumatano kama kawaida, Mama yuko upande wake, Haule wake, mimi nimekaa juu kwenye tundu la mfereji. Kingo ya mfereji ikapasuka. Si kwa kuvuja, ilikatika kipande kizima, na maji yote ya ndiva yakageukia kwenye nyanya za mama. Mama akaliweka jembe kwenye pengo likachukuliwa. Akaweka mguu. Nikapiga kelele kuita mtu, na kabla sijamaliza Haule akatoka katikati ya mbaazi kama ng'ombe, amekumbatia donge la majani na udongo, akajitumbukiza kwenye pengo mwili mzima. Mama akawa anamtupia madonge ya majani mgongoni, mimi nashindilia. Walikuwa bega kwa bega, uso kwa uso, tope mpaka kwenye nyusi.

Maji yakasimama. Sisi tukabaki tumesimama vilevile. Nilingoja nione nani ataanza kukimbia.

Haule akasema, akitazama chini, “Nisamehe, mama. Najua kwenu hairuhusiwi.”

Mama Niwaeli akafuta uso kwa kanga. “Kwetu kuna kazi, mtu anafanya kazi,” akasema. “Unageuza uso kidogo, unasalimia, unapita. Ni kwenu ndiko hairuhusiwi.”

“Kwetu?”

“Kwenu Songea. Si nilikuona siku ile umekimbilia korongoni? Nikasema, loo, kwao huyu mambo ni mazito, nisije nikamtia mkosi mtoto wa watu.”

“Mimi nilikimbia kwa sababu wewe ulirudi. Kwetu ni kama kwenu. Mtu anageuza uso kidogo.”

“Na mbuzi?”

“Mbuzi nilitaka ulegeze.”

“Mimi nilidhani kwenu mbuzi na ombi lake ni salamu tu.” Akafikiri. “Alikuwa mtamu.”

Nikakaa kwenye kingo. Mimi nilikuwa nimetoa futi moja na nusu pale kwenye kabichi zangu. Nilikuwa nimesemwa nusu saa na shangazi. Nikaanza kuhesabu futi za wote.

Mama ndiye aliyesema. Alisema kwa sauti ya chini na alikuwa hatazami pembeni, alikuwa anatutazama sisi wawili. “Watu tisa wamekatwa ardhi kwa heshima yangu. Wakisikia haikuhitajika, kwanza watacheka. Halafu watataka futi zao. Halafu Elisante atasimama kwenye kamati aseme huyu mama alidanganya, na kwenye kamati yuko kaka yake. Kipande kitaondoka, na mimi nitaondoka nacho.”

Kwenye njia ya juu ikasikika sauti ya mtu anakohoa. Ni Elieza, amesikia kelele zangu, anakuja kuona kama maboga yake yamepona.

“Geuka, baba Upendo,” akasema mama.

Haule akageukia korongo. Mama akageukia mlima. Elieza akafika akawakuta wamepeana mgongo, wote wamejaa tope, na mimi nimekaa katikati.

“Hata kwenye mafuriko,” akasema Elieza, akatikisa kichwa. “Hawa watu wana adabu.”

Waliishi hivyo mpaka mwisho. Mbele za watu hawakuwahi kutazamana. Kanisani walikaa pande mbili, barabarani mmoja aliingia kichakani. Lakini Jumatano, nyuma ya mbaazi, walikuwa wanapiga soga kuliko mtu na dada yake. Nilikuwa nikija kufunga maji nawasikia wanabishana kama kitunguu kipandwe kabla au baada ya kukata majani, au mama anamfundisha Haule maneno ya Chasu ambayo Niwaeli alikuwa anamficha. Nikikohoa, wananyamaza. Wakijua ni mimi, wanaendelea.

Miaka ya mwisho mama alipokuwa haamki, vipande vyote viwili vilimwagiliwa, na kamati haikujua ni nani. Mimi nilijua kwa sababu nilizisoma nyayo. Haule aliingia cha tisa kwa njia ya chini, akamwagilia, akatoka, akazunguka mpaka langoni, akaja kwa njia ya juu peku, akaingia cha kumi. Mguu wake ni mkubwa mara mbili ya ule wa mama, lakini hakuna mtu mwingine katika kijiji kile aliyekuwa anatazama njia kwa macho ya kutazama. Mama alikufa kipande kikiwa na jina lake. Siku ya maziko Haule alisimama mbali kabisa, na Elieza alipopewa nafasi ya kusema alisema kwamba katika umri wake hajamwona mkwe mwenye heshima kama yule. Haule alilia kuliko watoto wa marehemu. Watu wakasema ni heshima.

Basi, vijana wangu, mwezi uliopita wanne kati yenu mlikuja kwangu. Mliniamkia vizuri, mkanywa chai, mkafungua ramani. Mna mpango wa mipira ya maji ya matone, hakuna tena zamu wala tundu la mfereji, na mnataka kuziba njia ya juu iwe matuta. Mkaniuliza ile njia ni ya nani, kwa sababu Upendo anayelima cha kumi anasema ni ya bibi yake, na wajukuu wa Elieza wanasema babu yao aliwahi kutaja maboga.

Nilikwenda kwa Haule kwanza. Anaona kwa jicho moja, lakini bado anapita njia ya juu kila Jumatano, taratibu, akishika mbaazi. Nikamwuliza kama naweza kuandika habari hii. Akasema, “Andika. Waliotoa wote wamekufa, tumebaki mimi na wewe. Mama hawezi tena kunyang'anywa kitu.” Nikamwuliza njia izibwe au isizibwe. Akasema yeye ni mkwe tu, hasemi juu ya mali ya ukweni.

Kwa hiyo nimewaambieni yote. Futi yangu na nusu nimeisamehe, na ya Haule naijua haidai. Zinabaki saba. Hizo walizitoa watu walioambiwa kuna haja, na haja haikuwepo, au ilikuwepo lakini si ile waliyoambiwa. Mimi siwezi kusamehe ardhi ya Elieza kwa niaba ya Elieza, nilivyobishana naye namjua. Nikiigawa kwa wajukuu, kila kipande kinapata mstari mmoja wa mchicha, na mzee mmoja anakosa pa kupita Jumatano. Nikiiacha, bado ni deni, na mimi ndiye niliyelikopa kwa mdomo wangu, nikianzia futi tatu.

Mmesema mtakuja Jumamosi na vigingi. Mnajua mipira na simu kuliko mimi, na katika mambo ya njia sijawahi kumwomba mtu ushauri. Leo naomba. Mtakapofika, kabla hamjaniamkia, niambieni nivipige wapi.